Nadaiwa mkopo nisioujua, kitambulisho sijawahi kupoteza. Walipitia wapi?

#1 Kipepeo Mweusi
Wakuu, salaam.

Nimepigiwa simu na watu wanaojitambulisha kuwa kampuni ya mikopo ya mtandaoni. Wanadai nina mkopo uliopitiliza muda. Sijawahi kukopa kwao, hata programu yao sijawahi kuipakua. Kilichonitisha ni kwamba wana majina yangu matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, vyote sahihi kabisa. Namba ya simu iliyotumika kuomba huo mkopo siyo yangu wala siitambui.

Kitambulisho ninacho, hakijapotea hata siku moja. Namba yangu ya siri haijui mtu. Linki za kutumiwa sibonyezi. Naomba mnisaidie jambo moja: hizi taarifa wamezitoa wapi? Nikipambana na deni bila kuujua mlango waliopitia, watarudi.

#2 Ngao
Pole sana dada. Jiulize kopi za kitambulisho umeziacha wapi na wapi. Ajira, nyumba ya kupanga, usajili wa mtoto shule, hoteli, mlangoni kwa mlinzi. Watu wanalinda kadi kama mboni ya jicho halafu nakala zake zimezagaa. Anayekopa mtandaoni hahitaji kadi yako mkononi, anahitaji yaliyoandikwa juu yake.

#3 Mtazamaji
Naweka kambi hapa.

#4 Faili Jekundu
Naunga mkono #2. Nimefanya kazi masjala miaka mingi, niwaambie kopi zenu zinaishia wapi. Mwombaji akikosa kazi, bahasha yake haichomwi wala haipitishwi kwenye mashine ya kukata karatasi. Inawekwa kwenye boksi chini ya meza. Boksi likijaa linahamia korido. Karatasi za kuchapia zikiisha, mtu anachomoa kutoka humo humo na kuchapa rasimu yake upande wa nyuma. Nimewahi kushika ratiba ya kikao ambayo nyuma yake ni sura ya mtu, namba yake na sahihi yake.

Na siku hizi kuna hatari nyingine kubwa kuliko boksi. Unafika steshenari, unaambiwa "nitumie kwenye WhatsApp nikuprintie". Unatuma kitambulisho, vyeti, wakati mwingine hati ya benki. Unalipa, unaondoka. Lile faili limebaki kwenye simu yao na kwenye kompyuta, ndani ya folda moja na mafaili ya wateja wote. Yeyote atakayekalia kile kiti anayaona. Usiondoke kabla hujaona faili lako linafutwa, na pipa la taka la kompyuta linamwagwa pia.

#5 Fundi Antena
Mimi nakataa. Kopi ni sehemu tu. Angalia hapo aliposema namba ya simu iliyotumika siyo yake. Wakopeshaji wengi hulinganisha jina la laini na jina la kitambulisho. Kama mkopo umepita, kuna uwezekano mkubwa hiyo laini imesajiliwa kwa jina lake. Yaani ana laini asiyoijua.

Mbinu ni ya zamani. Unakwenda kusajili laini, unaweka kidole, unaambiwa "haijasoma, weka tena". Unaweka tena. Kumbe ya kwanza ilisoma vizuri, na ya pili imesajili laini nyingine. Hiyo laini inauzwa kwa tapeli ikiwa na jina lako. Dada, kabla ya yote uliza kampuni za simu una laini ngapi kwa kitambulisho chako. Nchi nyingi zenye usajili wa laini zina njia ya kuangalia, ama kwa kubonyeza namba fupi ama kwa kufika dukani. Usiyoitambua, ifungiwe siku hiyo hiyo na uandikishe malalamiko.

#6 Mama Wawili
Mbona hakuna anayesema la nyumbani? Kwenye familia yetu aliyefanya hivi alikuwa ndugu wa damu. Anajua tarehe yako ya kuzaliwa, jina la mama yako, shule uliyosoma, na kitambulisho chako anakijua kinakaa droo gani. Anakipiga picha ukiwa bafuni. Hakuna mdukuzi wa mbali anayeweza kufikia hapo. Sisemi ni lazima, ila usiruke hilo kwa sababu linauma.

#7 Kipepeo Mweusi
Asanteni. #5, kesho naanzia kwenye laini. #6, hilo umenigusa, nitalifikiria kimya kimya. #2, nikihesabu ofisi zenye kopi yangu nakata tamaa.

#8 Wakili wa Usiku
Ngojeni kidogo. Nyote mmeshaamini kuwa mkopo upo. Nani ameuona?

Inawezekana simu yenyewe ndiyo wizi. Mtu ana nusu ya taarifa zako, anakupigia kwa ukali, anakutajia anazozijua ili umwamini, kisha anakuomba "uhakikishe" zilizobaki. Kipepeo, ulithibitisha nini kwenye ile simu?

Inawezekana pia hakuna mwizi kabisa. Kuna mtu alikopa akakuandika wewe kama mdhamini au mtu wa karibu, na mkusanyaji wa madeni akikosa wa kumbana anambana aliyeandikwa. Au ni makosa ya jina kwa jina.

Kwa hiyo fanya hivi. Usilipe hata kiasi kidogo "ili wakuache", maana malipo yanaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali deni. Usijadiliane kwa simu. Tafuta mwenyewe anwani rasmi ya kampuni, si ile waliyokutumia. Waandikie kuwa unakana deni, na udai nakala ya mkataba, fomu ya maombi, picha zilizoambatishwa, namba iliyopokea fedha na tarehe. Ripoti polisi upate namba ya taarifa. Mwenye deni la kweli atatoa karatasi. Tapeli atakutukana na kukata simu.

#9 Kipepeo Mweusi
#8, walitaka jina la mama yangu mzazi na namba za nyuma ya kadi ya benki. Nilikataa, nikaambiwa nitapelekwa mahakamani jioni ile ile.

#10 Wakili wa Usiku
Mahakama ya jioni ile ile haipo. Lakini bado dai karatasi, kwa sababu mkopo wa kweli na mkusanyaji mwenye tabia mbaya vinaweza kuwa pamoja.

#11 Bahari Tulivu
Mnatafuta mtu mmoja aliyeiba kwa Kipepeo, wakati huenda aliibiwa pamoja na mamilioni. Mwaka 2017 Equifax, taasisi ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, ilivuja taarifa za watu wapatao milioni 147. Majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii (huko ndizo zinazotumika kama namba ya kitambulisho), anwani. Wengi wa hao watu hawakuwahi kujiandikisha Equifax. Taarifa zilipelekwa na mabenki na wakopeshaji. Chanzo kilikuwa programu ya seva yenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa mwezi Machi, nao hawakukiweka.

Sasa mtu kama huyo utamwambia ficha kitambulisho? Alifanya kila kitu sawa. Ndiyo maana nasema swali la "walipitia wapi" mara nyingi halina jibu, kwa sababu milango mingi ipo kwenye nyumba za wengine.

Unaloweza kufanya ni kujua umevuja kiasi gani. Kuna tovuti ya Have I Been Pwned, aliianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013. Unaweka barua pepe, inakuonyesha imeonekana kwenye mivujo gani. Januari 2019 lilitokea furushi moja la taarifa zilizovuja lenye anwani za barua pepe milioni 773, na si ajabu nusu yetu humu tumo.

#12 Dogo wa Mwisho
Mkuu #11, hapo ndipo ninapoogopa. Naweka barua pepe yangu kwenye tovuti ya kuangalia kama nimeibiwa, si ndiyo naibiwa hapo hapo? Na nimeona wana sehemu ya kupima nywila. Nani ana akili timamu ataandika nywila yake pale?

#13 Bahari Tulivu
Swali zuri, na uendelee kuwa na wasiwasi huo. Barua pepe pekee haifungui akaunti, na hawaombi nywila yake. Ile sehemu ya kupima nywila inafanya kazi hivi: nywila yenyewe haitumwi. Kifaa chako kinaigeuza kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, kisha kinatuma alama 5 za mwanzo tu. Wao wanarudisha orodha nzima ya mifuatano inayoanza hivyo, na kifaa chako ndicho kinaangalia kama yako imo. Wao hawajui uliuliza ipi. Tovuti nyingine zinazoiga huduma hii, achana nazo.

#14 Ngao
Fundi Antena kila uzi yeye ni laini tu. Hata uzi wa mapishi ataleta laini 😂

#15 Fundi Antena
Ngao, nitaacha siku watu watakapoacha kuibiwa kwa laini. Sikiliza.

Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, wakati huo mkurugenzi mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa. Hawakuvunja nywila. Walihamishia namba yake ya simu kwenye kadi nyingine ya laini, wakatuma jumbe fupi ambazo wakati huo Twitter ilizigeuza kuwa machapisho. Kama yeye alipatikana, wewe ni nani?

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walizijaribu kampuni 5 za simu za Marekani kwenye laini za malipo ya kabla. Zote 5 zilikuwa zinakubali maswali dhaifu kumtambua mteja. Moja ya maswali: "taja namba ulizopiga karibuni". Tapeli anakubip mara moja kwa namba yake. Wewe unapiga kuuliza nani mwenzangu. Tayari umemwandalia jibu. Ndiyo maana namba ngeni ikinibip mimi siipigi.

Dalili kubwa ya kutekwa laini ni hii, naomba muishike. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, aliyekaa pembeni yako kwenye mtandao ule ule yuko hewani. Ukizima na kuwasha bado. Hapo usilale ukisema mtandao leo mbovu. Azima simu ya jirani, pigia kampuni yako waizuie laini. Halafu benki na huduma ya pesa kwa simu, waambie wafunge miamala. Halafu barua pepe, kwa kutumia kompyuta au simu nyingine: badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia, na uangalie kama namba ya kurejesha akaunti imebadilishwa. Anza na laini, kwa sababu muda unaotumia kwengine yeye anapokea misimbo yako ya kuthibitisha.

#16 Mama Wawili
Hii ya kubip sikuijua. Asante Fundi.

#17 Nyota ya Tatu
Tusichanganye mambo lakini. Aliyoeleza Fundi ni mtu kuingia kwenye akaunti uliyonayo. La Kipepeo ni mtu kufungua akaunti mpya kwa jina lake. Ni wizi wa aina mbili na kinga zake hazifanani. Ukiwa na nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili kila mahali, unazuia wa kwanza. Wa pili hata hakugusi. Anakwenda kwa mtu asiyekujua, anasema yeye ni wewe.

Kinga ya wa pili ipo kwa mkopeshaji na kwenye kumbukumbu za mikopo. Marekani mtu anaweza kufungia faili lake la mikopo ili mkopeshaji mpya asiweze kulisoma, na tangu Septemba 2018 ni bure nchi nzima. Kwingine ambako utaratibu huo haupo, unachobaki nacho ni kuomba ripoti yako ya mikopo mara kwa mara kwa wanaotunza kumbukumbu hizo na kupinga usichokijua kabla hakijaota mizizi. Watu wengi hawajawahi kuiona ripoti yao hata mara moja.

#18 Fundi Antena
#17 sawa, ila mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili. Akishakopa kwa jina lako anahitaji pia laini yako ili usipate ujumbe wa onyo.

#19 Darubini
Na nyie mnaosherehekea kuzaliwa mtandaoni je? Utafiti wa Latanya Sweeney wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtenga mtu mmoja mmoja kwa asilimia 87 ya Wamarekani. Bila jina! Sasa wewe unaweka keki, umri, mtaa na jina la mama kwenye picha moja.

#20 Nyota ya Tatu
Darubini, hiyo 87 watu huitaja sana, lakini Philippe Golle aliirudia hesabu mwaka 2006 kwa takwimu za sensa ya 2000 akapata asilimia 63. Bado ni kubwa, ila tuitaje yote.

#21 Darubini
Nimepokea. Hata hiyo 63 inanitosha kuacha kuposti tarehe.

#22 Mama Wawili
Mimi tarehe za wanangu ndizo ninazozificha zaidi. Mtoto hana mkopo, hana wa kumtumia onyo, hakuna anayeangalia jina lake mpaka afikishe umri wa kuomba kitu. Mwizi ana miaka mingi ya kutumia kabla mtu hajashtuka. Picha ya kwanza ya shule watu wanaiweka na jina la shule, darasa, jina kamili na tarehe. Wacheni watoto wakue kwanza, jamani.

#23 Mshale
Wakuu mnazunguka sana. Dawa ni kubadilisha nywila kila mwezi. Kazini kwetu ni lazima na hatujawahi kuvamiwa.

#24 Bahari Tulivu
Mshale, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na ushauri huo mwaka 2017. Walisema mtumiaji asilazimishwe kubadilisha kwa ratiba, abadilishe pale kuna dalili imevuja. Sababu inaonekana kwa macho: ukimlazimisha mtu kila mwezi, anaongeza tarakimu moja mwishoni. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa zamani wa mwaka 2003, mwenyewe alisema baadaye kuwa anaujutia.

Wanachosisitiza ni nywila ndefu, isiyokuwemo kwenye orodha ya zilizovuja, na isiyotumika sehemu mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi. Duka la mtandaoni usilolikumbuka linavuja, mashine inachukua barua pepe na nywila yako na kuijaribu kwenye tovuti nyingine usiku kucha. Kichwa hakiwezi kubeba nywila tofauti za akaunti zote, kwa hiyo tumia programu ya kutunza nywila. Na kama huipendi, daftari lililofungiwa nyumbani ni bora mara nyingi kuliko nywila moja kila mahali.

#25 Mshale
Daftari? Mama Wawili ametoka kusema mwizi ni ndugu wa nyumbani.

#26 Mama Wawili
Ndiyo nasema! Daftari kwangu halikai.

#27 Bahari Tulivu
Basi kila mmoja apime anamwogopa nani zaidi. Ukiwa na ndugu wa kutilia shaka, daftari hapana. Ukiishi na watu unaowaamini na hatari yako ni mtandaoni, daftari ndiyo.

#28 Dogo wa Mwisho
Si tuweke alama za vidole kila kitu yaishe?

#29 Darubini
Dogo, nywila ikivuja unabadilisha. Kidole utabadilisha na nini? Mwaka 2015 ofisi ya Marekani inayosimamia watumishi wa serikali ilidukuliwa. Kwanza walisema zimechukuliwa alama za vidole za watu milioni 1.1, baadaye wakasahihisha, ni milioni 5.6. Na mwaka 2014 mtaalamu wa Ujerumani, Jan Krissler, alionyesha kwenye mkutano wa Chaos Computer Club, klabu ya wadukuzi ya huko, alama ya kidole gumba cha Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa nchi hiyo, aliyoitengeneza kutokana na picha za kamera.

Kidole kufungua simu yako mwenyewe ni sawa, kwa kawaida alama inabaki ndani ya kifaa. Kidole kukaa kwenye seva ya kila kampuni ndogo ya mikopo, hapo mimi sitaki.

#30 Faili Jekundu
Mimi naona nyote mnamwekea mzigo mtu aliyeibiwa. Nikupeni kisa kilichoandikwa na mamlaka yenyewe ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Mwaka 1938 kiwanda cha pochi huko Lockport, New York, kiliweka ndani ya pochi zake kadi ya mfano ya hifadhi ya jamii ili mnunuzi aone kadi yake itakavyokaa. Namba iliyochapwa ilikuwa ya kweli, ya katibu muhtasi wa kiwanda, Bi. Hilda Schrader Whitcher. Kadi ilikuwa ndogo kuliko halisi, maandishi mekundu, imeandikwa wazi kuwa ni mfano tu. Pamoja na hayo watu waliichukua wakaitumia kama yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wanaitumia kwa wakati mmoja. Kwa miaka yote zaidi ya 40,000 waliwahi kuitaja. Bi. Whitcher akafutiwa namba, akapewa nyingine.

Yule mama alikosea wapi? Namba ya kitambulisho ilitungwa kutofautisha watu wenye majina yanayofanana, haikutungwa kuwa siri. Unaiandika kwenye kila fomu, unaitaja dirishani mbele ya foleni. Halafu mkopeshaji anaichukua namba hiyo hiyo kuwa ushahidi kwamba aliyeitaja ndiye mwenyewe! Nakala za Kipepeo zingevuja zote, kama mkopeshaji angedai kumwona usoni au kupiga kwenye namba yake ya siku zote, mkopo usingetoka. Mkopeshaji alitaka kukopesha haraka, hasara anamtupia Kipepeo.

#31 Wakili wa Usiku
Faili, kwa hili tuko pamoja. Jukumu la kuthibitisha nani alikopa ni la anayedai.

#32 Fundi Antena
Usoni nako kumeingiliwa. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, Hong Kong, alikaa kwenye kikao cha video, akaona sura za mabosi wake, akasikia sauti zao, akahamisha dola za Marekani zipatazo milioni 25. Sura zote zilikuwa za kutengenezwa na kompyuta. Nyumbani kwetu tumekubaliana neno moja la familia. Mtoto akipiga akilia anataka pesa, aseme neno kwanza. Asiposema, ninakata na kumpigia kwenye namba ninayoijua.

#33 Kipepeo Mweusi
Nimerudi na mrejesho. Laini: niliyoitambua ni yangu tu, nyingine hakuna. Kampuni baada ya barua imetuma fomu ya maombi. Mkopo upo kweli. Kilichoambatishwa ni picha ya kitambulisho changu, mbele tu, pembeni inaonekana kivuli cha kidole cha mtu. Anwani iliyojazwa ni ya nyumba niliyohama zamani. Na sehemu ya kazi wameandika cheo nilichokuwa nacho kazi iliyopita. Laini iliyopokea pesa ina jina la mtu nisiyemjua, hata halifanani na langu.

#34 Ngao
Picha mbele tu, kivuli cha kidole. Hiyo ni kopi iliyopigwa picha juu ya meza. Anwani ya zamani na cheo cha zamani vinakaa pamoja kwenye wasifu wa kazi. Ni bahasha ya ajira.

#35 Mama Wawili
Au ni mtu aliyekuwa anakuja ile nyumba ya zamani na anajua ulikuwa unafanya kazi gani.

#36 Bahari Tulivu
Au ni kanzidata ya zamani, mahali ulipojisajili ukiwa na anwani ile, wakakudai picha ya kitambulisho. Kivuli cha kidole kinaweza kuwa chako mwenyewe ulipokuwa unaipiga.

#37 Kipepeo Mweusi
#36, nimeangalia ile picha nikashindwa kukataa. Zamani hizo niliomba kazi sehemu nyingi, nyingine ziliniomba kitambulisho kabla hata ya usaili, na mbili hazikujibu tena.

#38 Darubini
Ajira hewa! Wanatangaza kazi ili wakusanye vitambulisho. Kazi ya kweli inahitaji kitambulisho ukishapata kazi, wakati wa mkataba. Kabla ya hapo jina na namba ya simu vinatosha.

#39 Faili Jekundu
Kwa wote mnaotoa kopi kuanzia leo: andika juu yake. Peni ya wino, mistari miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona, ikipita juu ya taarifa lakini isizifiche zisisomeke. Katikati ya mistari andika "kwa ajili ya upangaji wa nyumba tu", jina la unayempa, na tarehe. Ya kutuma kwa simu, andika kwenye karatasi halisi kwanza ndipo upige picha, kwa sababu maandishi ya kuongeza kwenye simu mengine yanafutika. Wapo watakaoikataa. Waulize kwa heshima kwa nini wanataka kopi safi. Mara nyingi ukiuliza hivyo wanaipokea.

#40 Mshale
Benki moja iliikataa yangu yenye mistari. Nikaambiwa lazima iwe safi.

#41 Faili Jekundu
Benki waone kadi halisi, waiskani wao wenyewe mbele yako. Hapo ni sawa.

#42 Nyota ya Tatu
Kipepeo, jina la mwenye laini iliyopokea pesa likiwa tofauti na la mwombaji, hiyo ndiyo silaha yako. Iweke juu kabisa kwenye malalamiko. Na wakikubali kufuta deni, dai barua, kisha omba ripoti yako ya mikopo uone kama limeondolewa kweli. Kampuni kufuta kwake na rekodi kusafishwa kwingine ni mambo mawili.

#43 Kipepeo Mweusi
Nimenakili. Mbarikiwe wote.

#44 Mama Wawili
Samahani naingiza jingine. Marehemu baba yetu laini yake bado iko hai, simu ninayo mimi, na kila siku zinaingia jumbe za misimbo. Tuiache izime yenyewe?

#45 Fundi Antena
Usiiache izime hivi hivi. Laini isiyotumika hurudishwa sokoni apewe mtu mwingine. Princeton mwaka 2021 waliangalia namba 259 zilizokuwa tayari kugawiwa wateja wapya, namba 171 zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za wenyewe wa zamani kwenye tovuti kubwa. Atakayeipata namba ya mzee anaweza kubonyeza "nimesahau nywila" na msimbo ukamfikia yeye. Iweke hai, fungeni akaunti moja moja, laini iwe ya mwisho.

#46 Wakili wa Usiku
Mama Wawili, angalizo. Kuingia kwenye akaunti za fedha za marehemu kwa simu yake, hata kwa nia njema, kunaweza kuwaletea kesi kati ya warithi. Benki na pesa za simu apeleke msimamizi wa mirathi na cheti cha kifo. Mitandao ya kijamii na barua pepe zina fomu zake za kufunga akaunti ya marehemu.

#47 Mama Wawili
Misimbo yenyewe ni ya mtu kujaribu kuingia, au ni ya kawaida?

#48 Fundi Antena
Msimbo hauji bila mtu kuuomba. Tazama jina la huduma inayoutuma na saa unapofika, uandike hayo mawili tu, halafu tuletee hapa.